Mama, lile faili bado lipo?

Nina stationery hapa Dodoma, huu mwaka wa kumi na nne. Mtaa sitaji. Fotokopi mbili, moja ikila vumbi inagoma na mnaoijua Dodoma mnajua kuanzia mwezi wa nane vumbi linaingia mpaka kwenye chai, kompyuta tatu, printa ya rangi moja, na benchi la nje ambalo ndo ofisi yangu ya kweli maana hapo ndo watu wanakaa wakisubiri na mtu akisubiri anaongea. Barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, passport size, hizo za kila siku. Ila hela iliyosomesha wanangu wawili imetoka kwenye katiba. Katiba za NGO, za vikundi, za vikoba, za wafuga nyuki. Nachapa, napanga, nasahihisha Kiswahili cha watu, na wengine kusema kweli nawatungia kabisa.

Ilikujaje? Serikali. Sisi wa hapa tumeambiwa serikali inahamia tangu 1973, mimi hata sijazaliwa, tukawa tunaisubiri kama mvua ya Desemba, inasemekana iko njiani. Julai 2016 Magufuli akatangaza kwamba sasa ni kuhama kweli na wakahama, wizara zikaanza kujibanza kwenye majengo ya chuo kikuu, UDOM, baadaye zikaenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na moja ya hizo wizara ndo ilikuwa na Msajili wa NGO. Basi mtu wa Mtwara au wa Bukoba anapanda basi na flashi mfukoni kufuatilia faili lake, anaambiwa hapa pana kasoro karekebishe, anatoka anauliza wapi wanachapa. Anakuja kwangu. Siku hizi maombi ni mtandaoni, ila miaka ile nilikuwa nakula vizuri.

Kwa asiyejua, faili la kusajili NGO lina katiba, lina muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na sahihi zao, lina wasifu wa viongozi na picha zao, barua ya utambulisho, na maelezo ofisi iko wapi, jengo gani. Hayo majina na sahihi na picha yashike, nitayarudia.

Na ukishachapa katiba mia mbili unakuwa na pua. Ile ya mume mwenyekiti, mke katibu, shemeji mhazini, naisikia kabla sijafungua ukurasa wa pili. Ile ya mzee mstaafu ambaye anataka tu aitwe mkurugenzi, naisikia. Na ile ambayo wenyewe wanajua wanachotaka ila hawawezi kukiandika, hiyo nayo ina harufu yake.

Mapema 2018, hata jiji tulikuwa hatujawa, walikuja vijana wawili. Shikamoo mama, marahaba, mmoja mwembamba kavaa begi kwa mbele kama wanavyovaa watu wa Dar wanaoogopa vibaka, mwenzie kimya kabisa. Katiba ilikuwa tayari, shida ni mpangilio na namba za vifungu zimevurugika. Jina la shirika lao lilikuwa maneno matatu, afya ilikuwemo, tumaini lilikuwemo, yani jina kama mengine hamsini niliyochapa mwaka ule. Lengo kuu, kuboresha afya na ustawi wa vijana na makundi maalum. Nikauliza kama ninavyouliza wote, makundi maalum yapi wanangu, wazee? wenye ulemavu? maana huko mtaulizwa. Wakaangaliana. "Andika hivyo hivyo mama, inatosha." Nikashuka mpaka kwenye walengwa, nikakuta vijana wa kiume walio katika mazingira hatarishi zaidi, halafu chini kidogo vilainishi, vile vya kutumia na kondomu, vimefutwa kwa mstari wa kalamu. Pua ikaniambia, hili ni shirika la wanaopenda wa jinsia yao.

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, kwaya nimeimba mpaka sauti ikaisha, na sikuja hapa kubishana maandiko na mtu yeyote. Siku ile sikusema kitu. Nimejiuliza sana kwanini sikusema kitu, ningependa kuwaambia ilikuwa huruma, ila jibu la ukweli ni kwamba ilikuwa saa nane mchana, jua kali, sina mteja mwingine na kodi ya fremu inakaribia. Nikawachapia, nikawapa chai, nikawatoza bei ile ile.

Baadaye ndo nikaja kuelewa walikuwa wamekuja wakati gani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu akipatikana na hatia ya kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na humo ndo wanahesabiwa wanaume wanaolala na wanaume wenzao, ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote isipungue miaka 30. Kifungu chenyewe asili yake ni enzi za Mwingereza, ila hiyo 30 tuliiweka wenyewe 1998. Sasa miaka mingi kifungu kilikuwepo na mashirika ya hao watu yakafanya kazi, kwa mlango wa UKIMWI, na serikali yenyewe ilikuwa inawahitaji coz nesi hawezi kumfikia mtu ambaye amejificha, lazima mwelimishaji rika amfuate. Halafu 2016 vilainishi vikapigwa marufuku. Februari 2017 wizara ikazuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI kwa hayo makundi, ikisema vinahamasisha ushoga. Oktoba 2017 wanasheria na wanaharakati 13 wakakamatwa hotelini Dar, walikuwa kwenye kikao cha kujadili namna ya kwenda mahakamani kuhusu hivyo vituo, kulikuwa na wageni wa Afrika Kusini humo wakarudishwa kwao, na shirika la CHESA, la elimu ya afya na utetezi, likasimamishwa. Sasa hesabu. Oktoba 2017 mpaka hao vijana wanakaa kwenye benchi langu ni miezi. Wanayajua yote hayo na bado wakapanda basi kuja Dodoma na majina yao na picha zao kwenye bahasha. Mimi nisingepanda hata bodaboda.

Na kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Miaka ile Wizara ya Afya na Maendeleo ya Jamii ilikuwa moja, jina lake refu, Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Yani ofisi inayosajili NGO na ofisi inayofunga vituo vya afya ziko chini ya waziri mmoja. Zikaja kutenganishwa 2022, na hii ya usajili sasa inaitwa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Nilipoona jina jipya nilicheka peke yangu dukani. Makundi maalum! Lile neno nililokuwa nawauliza vijana wa watu ni yapi hayo, leo liko kwenye kibao cha wizara, tena kwa maana yake nyingine kabisa.

Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wakati huo, Makonda, akatangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuomba watu wapeleke majina. Wiki haijaisha Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Mwezi huo huo zikaja kanuni mpya za NGO, mkataba wa mfadhili ukizidi milioni 20 lazima uupeleke kwa Msajili ndani ya siku 10. Kwangu hiyo ilikuwa biashara, fotokopi za mikataba haziishi. Nilikuwa nafurahi bila kufikiri kwamba kuna mtu ambaye mkataba wake ukipigwa kopi unasema anafanya nini hasa na kwa nani.

Aprili 2019 ikatoka taarifa kwamba mashirika kadhaa yamefutwa kwenye daftari, CHESA likiwemo, kwa kukiuka sheria na maadili. Niliisikia redioni nikiwa nakata karatasi. Jioni simu ikaita, namba siijui.

"Shikamoo mama. Lile faili bado lipo kwenye mashine yako?"

Sikuuliza faili gani. Nikamwambia subiri usikate simu, nikalitafuta, nikalifuta, nikaingia kwenye lile debe la taka la kompyuta nikafuta na huko. Nikamwambia tayari. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza kitu sijawahi kuulizwa, mama, na mashine ya fotokopi, ile haikumbuki? Nilikuwa sijui. Sasa hivi najua kwamba kuna fotokopi zina kumbukumbu ndani, fundi alinieleza, ila siku ile nilimdanganya kwamba haikumbuki. Akasema asante mama Mungu akubariki. Cheti sijui kama walipata. Wenye cheti kipya huwa wanarudi, wote, wanataka kopi kumi na laminesheni. Hao hawakurudi.

Usiku ule nilianza kusoma. Nina simu na nina bando na sina mume wa kuniuliza kwanini taa inawaka. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kinachonihusu mimi kama mchapaji, yani watu wa namna hii kwingine waliandikaje kwenye makaratasi yao? Na nilichokuta kilinishangaza coz nilidhani wazungu walianza tu wakiwa wazi na bendera zao.

Chicago, Desemba 1924. Bwana mmoja mhamiaji kutoka Ujerumani, Henry Gerber, mfanyakazi wa posta, anapeleka makaratasi kusajili chama. Alikuwa amekaa Ujerumani miaka michache na jeshi la Marekani baada ya vita ya kwanza, akaona kule watu wana vyama na magazeti, akasema na sisi tujaribu. Jina la chama, Society for Human Rights, yani Chama cha Haki za Binadamu, basi. Na lengo? Kwa maneno yangu, lilisema ni kulinda maslahi ya watu wanaonyanyaswa na kuzuiwa kutafuta furaha yao kihalali kwa sababu ya hali zao za mwili na akili. Hakuna mahali palipotajwa chochote. Mwenyekiti alikuwa mchungaji mweusi, John T. Graves. Jimbo likawapa cheti! Nilisoma hapo nikasema huyu angekuwa mteja wangu. Andika hivyo hivyo mama, inatosha. Mwaka uliofuata polisi wakaingia, Gerber akatumia akiba yake yote kwenye kesi, kesi ikafutwa, na kazi ya posta akafukuzwa. Chama kikafa.

Nikaendelea. Amsterdam 1946 wanaanza kwa jina la Shakespeareclub, klabu ya Shakespeare, halafu wanabadili kuwa COC, ambayo kirefu chake kwa Kiholanzi ni kituo cha utamaduni na mapumziko. Utamaduni na mapumziko! Denmark 1948 chama chao kikaitwa kwa mwaka tu, Chama cha 1948, kama vile darasa la waliomaliza pamoja. Los Angeles 1950 wakajiita Mattachine, kutokana na wachezaji wa zamani wa Ulaya waliokuwa wanacheza wamevaa vinyago. Huyu angalau alikuwa na ucheshi, kaandika kabisa kwamba tumevaa kinyago ila kwa lugha ambayo karani haijui.

Halafu 1969 New York kukatokea ile vurugu ya baa ya Stonewall kati ya polisi na wateja, na miezi haijapita mingi kikundi kinajiita Gay Liberation Front, waziwazi. Lakini kuwa wazi mtaani ni kimoja na makaratasi ni kingine. 1972 mwanasheria mmoja wa huko huko New York, William Thom, anaomba kusajili shirika la kuwatetea hao watu mahakamani, na hii ndo niliipenda kuliko zote, alichukua makaratasi ya shirika la wanasheria wa Wapuerto Rico lililokuwa limeshakubaliwa akanakili karibu neno kwa neno, akabadilisha walengwa tu. Kopi na pesti! Majaji wakakataa, wakasema halina manufaa kwa jamii. Sasa ona, maneno yale yale, la kwanza lina manufaa la pili halina. Akakata rufaa na 1973 akashinda, shirika likasajiliwa, Lambda Legal, jina ni herufi ya Kigiriki ambayo pia inabidi uelezwe ndo ujue. Nimefanya kazi ya kunakili katiba miaka yote hii nikiona aibu kidogo, siku ile aibu iliniisha.

Kwa hiyo ukinipa jina la shirika na lengo lake kuu, bila kuniambia nchi wala mwaka, nadhani naweza kukukisia hali ya hewa ya pale lilipoandikwa. Ningeweza kuweka hapa mfano wa zabibu, mche ule ule Ulaya unazaa mara moja kwa mwaka na hapa kwetu ukiukata vizuri unavuna mara mbili, ila kila mtu wa Dodoma ana mfano wa zabibu na mimi nimechoka nayo, shamba la baba limenifundisha zaidi kuhusu madeni.

Twende kwa majirani maana hapo ndo pana utamu. Kenya wana kifungu kinachofanana na chetu, adhabu yao ni miaka 14, asili ile ile ya Mwingereza. Kukawa na shirika linataka kujiita National Gay and Lesbian Human Rights Commission, jina halijifichi hata herufi moja. Bodi ya NGO ikakataa. Wakaenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu 2015, wakashinda rufaa 2019, Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 3 kwa 2 kwamba kuwanyima kujisajili kwa sababu ya jina ni ubaguzi. Miezi miwili baada ya ushindi ule wa rufaa, Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kile kifungu chenyewe. Kwahiyo kosa lipo, na shirika la kuwatetea watu wa hilo kosa nalo lina haki ya kuwepo. Na ukiangalia, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 iliwafungulia mlango wa mahakama, harakati zao zimejaa mawakili. Shirika linakuwa na umbo la mlango lililopitia.

Botswana vilevile, LEGABIBO, kirefu chake Lesbians, Gays and Bisexuals of Botswana, jina lote liko wazi, walikataliwa 2012, 2016 Mahakama ya Rufani ikaagiza wasajiliwe, na wakati huo tendo lenyewe bado lilikuwa kosa, liliondolewa 2019. Msumbiji hapo chini ya Ruvuma, shirika la kwao linaloitwa nalo LAMBDA limepeleka maombi 2008 na miaka ikapita hawajibiwi, hawakukataliwa hawakukubaliwa, nchi ikabadilisha kanuni yake ya adhabu 2015 ikaacha kuwa kosa na wao faili lao bado limelala. Hii naielewa kuliko zote. Kuna kukataliwa na kuna "njoo wiki ijayo".

Uganda ni mtego. SMUG, yani Sexual Minorities Uganda, ilianza 2004. 2012 wakaomba jina lao lisajiliwe, msajili wa makampuni akakataa kwa sababu ya kile wanachofanya. Agosti 2022 ofisi ya NGO ikawasimamisha kwa kosa la kuendesha shughuli bila kusajiliwa. Ni sawa na mgambo akunyime kibali cha genge halafu arudi kukubebea nyanya kwa kuwa huna kibali.

Sasa sisi. Mimi nadhani kilichotokea kwetu ni kwamba mlango wa mahakama ulipojaribiwa, watu walikamatwa wakiwa bado kwenye kikao cha kujadili tu. Jina wazi halipo. Ukabaki mlango wa afya, tena nusu. Na mtu akiingia kwa mlango wa afya lazima avae koti la afya, akae nalo miaka, mwishowe hajui tena chini yake alikuwa amevaa nini. Mimi nimechapa ripoti za mashirika ya namna hiyo, si mengi, ila nimechapa. Zina jedwali. Waliofikiwa, waliopimwa, waliokutwa na maambukizi, walioanzishiwa dawa za kufubaza, waliounganishwa na CTC, ile kliniki ya matibabu ya UKIMWI. Hela ya Wamarekani, ule mfuko wa PEPFAR ulioanza 2003, inataka hizo namba, na ni haki yake, ni hela ya ugonjwa. Lakini kijana aliyefukuzwa na baba yake usiku Kondoa na anahitaji godoro na nauli, hana safu kwenye jedwali. Aliyeachishwa kazi ya dukani hana safu. Msichana anayempenda msichana mwenzie, huyu hayupo kabisa, maana hesabu za UKIMWI hazimuoni kama yuko hatarini, kwa hiyo hakuna hela yake, kwa hiyo hakuna shirika lake, na watu wanaona kama hawapo. Wapo. Wanakuja kupiga passport size wakiwa wawili wawili kama wengine tu.

Hiyo ndo sehemu inayonikera, na najua kuna watakaoniuliza mama wa kanisa unakereka na nini. Nakereka kama mchapaji. Mtu akilazimishwa kuandika uongo kwenye lengo kuu, uongo ule unaanza kumuongoza.

Halafu kuna Dodoma yenyewe. Sensa ya 2022 jiji letu lilikuwa na watu 765,179, Dar zaidi ya milioni 5. Dar mtu anapanga nyumba yenye ukuta Kinondoni huko na jirani hajui hata jina lake. Hapa mpangaji mpya akishusha kochi, mjumbe anajua, mwenye nyumba ni mtumishi wa wizara, jirani wa kulia ni dereva wa wizara, wa kushoto anaimba kwaya na mimi. Wageni wengi lakini kila mgeni ana ofisi anayotoka na ofisi ina watu. Ukitaka kukodi chumba uweke kibao chenye jina lolote lile utaulizwa mnafanya nini, si kwa ubaya, kwa salamu tu, mbukwenyi, hapa mnafanya nini. Sasa tazama maajabu, utetezi maana yake ni kuongea na wanaoamua, na wanaoamua wote wako hapa, Bunge liko hapa, Mtumba iko hapa, Msajili yuko hapa. Mji ambao shirika la namna hiyo linahitaji kuwa kuliko wote ndo mji ambao haliwezi kukaa hata wiki. Wanakuja wamekunja makaratasi, wanalala gesti ya elfu ishirini, wanakutana na mtu mmoja kwenye mgahawa kwa jina la mradi wa kifua kikuu, wanaondoka. Nauita utetezi wa gesti. Na tangu treni ya umeme ianze 2024 hata gesti hawalali, masaa matatu na kitu njiani umefika, jioni umerudi Dar. Wenye gesti wanalalamika, kwa sababu zao nyingine.

Januari 2025 Trump akaingia, siku ile ile ya kwanza akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla ya mwaka kuisha USAID, shirika lao la misaada, ikawa haipo tena. Wateja wangu wa ripoti walikatika kama umeme. Waliobaki na chochote ni wale waliokuwa na kitu nje ya jedwali, na hao ni wachache maana nimeshawaeleza jedwali lilikuwa ndo mwili mzima.

Agosti ile akaja kijana, kanenepa kidogo, begi kalivaa mgongoni sasa. Shikamoo mama, unanikumbuka? Nilimkumbuka kwa sauti, ile ya simu. Amehama Dar, amerudi kwao, wilaya moja ya humu humu kati. Wako kumi na wanne, wamejiunga, wanataka katiba ya kikundi cha vijana cha kufuga kuku, wasajili halmashauri, waombe ile mikopo inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, kwenye fungu la vijana la asilimia 4. Hakuna Msajili, hakuna mfadhili, hakuna milioni 20. Nikamuuliza hao kumi na wanne ni wale? Akasema wengine ni wale, wengine ni kuku kweli. Tukacheka.

Nikachapa. Jina la kikundi wakaweka la kijiji chao na neno umoja. Lengo kuu, kuinua kipato cha wanachama kupitia ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kwenye kifungu cha mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana misiba na magonjwa, akaniomba niongeze mstari, mwanachama akikosa mahali pa kulala kikundi kitampa hifadhi mpaka miezi mitatu. Nikamwambia sijawahi kuona hicho kwenye katiba ya kuku. Akasema kiweke tu mama, nani atauliza.

Nikampigia kopi nne. Alipokuwa anahesabu hela nikashika mausi, nikamuuliza, nilifute kama lile?

"Hapana mama, hili liache tu, tutakuja kuongeza wanachama."